Upande wa Majoreni

Mwanangu Mejumaa,

Salamu zangu utazipata kesho mlangoni kwa mdomo, kwa hiyo hapa nazipita niende kwenye maneno. Umetoka kwenda kumuaga shangazi yako, nami nimekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, bwawa liko mbele yangu. Shangazi yako hawezi kukuacha utoke kwake bila kula, na akishakulisha hakuachi bila kukusimulia. Nina muda wa kutosha.

Sitakuandikia mambo ya kuamka mapema, ya kufunika maji wala ya kusali. Hayo kama hukuyapata kwangu miaka yote hii, hutayapata kwenye karatasi. Wala sikufundishi kumwamkia Nimwaka shikamoo. Unamwamkia vizuri mno. Mara nyingine nimetamani usahau, japo siku moja tu, nione atafanyaje.

Basi nimeshafika penyewe. Nina wivu, mwanangu. Si ule wivu wa kuchekewa harusini. Ninao ule unaokaa kooni kama mwiba wa samaki, humezi wala hutemi, na kila mtu anakuuliza mbona huli. Kesho unahamia nyumba ya mke mwenzangu. Nimeliandika hivyo ili nilione kwa macho yangu. Unakwenda Majoreni kumsaidia mamako mdogo kulinda bwawa lake la samaki, kinachouzwa mgawane, na babako amesema ni jambo la heri kwa msichana aliyemaliza shule na hajapata kazi. Mwaka mmoja tu, anasema. Babako huyo huyo aliwahi kusema kwamba safari zake za Majoreni ni za kununua samaki tu.

Hukumbuki wakati ule, ulikuwa mdogo hata leso ulikuwa hujui kujifunga. Babako alikuwa akishuka Shimoni na Majoreni kwa pikipiki, ananunua samaki wakitoka tu majini, anawatia kwenye kasha la barafu na kuja kuwauza huku Msambweni. Nami nilikuwa nikimpigia hesabu ya barafu. Safari ikichelewa, najua barafu itayeyuka, najua samaki wataharibika. Zikaanza safari za kuchelewa ambazo samaki walirudi wazima na barafu imejaa tele. Hapo nikajua kuna nyumba yenye friji.

Alipomwoa Nimwaka alifanya mambo kwa sheria, sina la kumsingizia. Akagawa zamu, usiku kwa usiku, hakumpunja mtu. Ila hakuna aliyeniambia kwamba usiku wa zamu ya mwenzio ni mrefu kuliko wako. Na mchana wake pia. Mchana wa zamu ya Nimwaka nilikuwa sijui niweke wapi mikono yangu. Nikifua, nguo zinaisha. Nikifagia, uwanja unabaki mweupe mpaka kuku wanashangaa. Ndipo siku moja nikachukua jembe nikaja hapa nyuma, nikaanza kuchimba.

Watu hudhani nilianza ufugaji wa samaki kwa sababu yule bwana wa kilimo alikuja kutufundisha kina mama pale msikitini. Kweli alikuja, na kweli nilimsikiliza. Lakini shimo nilikuwa nimeshalianza, na sikulianza kwa ajili ya samaki. Nilichimba siku za zamu ya Nimwaka tu. Siku ambazo babako yuko kwangu sikushika jembe, nilioga, nikajipaka, nikakaa. Ndiyo maana lilichukua muda mrefu kiasi kile, na ndiyo maana kuta zake upande mmoja zilikwenda wima na mwingine zililala. Upande uliolala ulikuwa wa siku ambazo hasira ilikuwa imenipungua.

Majirani waliniuliza kama bahari imehama. Huku kwetu, samaki ni wa maji ya chumvi. Mtu akisikia unafuga tilapia kwenye shimo, na samaki changu yuko pale ufukweni, anakuona umepungukiwa. Babako ndiye aliyezidi. Nilipomkaangia wa kwanza, mnono kabisa, alimgeuza kwa kidole, akamnusa, akasema, "Huyu ananuka udongo, mke wangu." Akaomba mchuzi wa kunde. Tangu siku ile hajawahi kutia mdomoni samaki wa bwawa langu. Weka hilo akilini, nitalirudia baadaye na nitalirudia kwa hasira.

Kwa hiyo, mwanangu, bwawa lilikuwa langu peke yangu. Si la babako, si la majirani. Lilikuwa langu na lako, kwa sababu wewe ulikuwa ukikaa ukingoni na kuwaita samaki kwa majina. Sikuwahi kuwa na kitu ambacho sikugawana na mtu zamu. Sasa fikiria nilivyojisikia nilipogundua kwamba kuna wengine wanakula.

Kulastara alikuwa wa kwanza. Unamjua, yule ndege wa kijivu mwenye miguu ya vijiti, anasimama majini kama mtu anayefikiria deni. Yeye hakunisumbua moyo, kwa sababu alikuja mchana, mbele ya macho yangu, na mwizi wa mchana unaweza kumtukana. Nikauchimba upya ukingo uliolala, nikausimamisha, kwa sababu kulastara haogelei, anataka mahali pa kusimama maji yakiwa magotini. Akikosa pa kukanyaga anakwenda kwa jirani. Kisha nikatandaza wavu mkuukuu wa wavuvi juu ya bwawa, nao nilikosea kwanza, niliuacha ulegee. Tukamkuta bundi amejinasa, ukalia wewe mpaka nikamkatia kamba zote. Tangu hapo wavu tunauvuta ukakaza kama ngoma, na mdiria, yule ndege mvuvi, akija kupiga mbizi anadunda na kurudi alikotoka. Kenge naye alikuwa akipitia kwenye bomba la kutolea maji, tukaliziba kwa waya wa matundu.

Haya yote unayajua. Umeyafanya kwa mikono yako na unayafanya vizuri kuliko mimi. Ninachotaka kukuambia ni lile la baada ya kenge, kwa sababu ulikuwa mdogo na nilikuficha.

Samaki waliendelea kupungua. Asubuhi nakuta magamba, mkia mmoja, labda na kipande cha utumbo. Wavu mzima, bomba limezibwa. Kisha siku moja baada ya mvua nikaona alama kwenye tope. Zilikuwa za mikono. Vidole vitano, havina kucha, vimetandazwa vizuri kwenye udongo laini. Mikono midogo, kama ya mtoto anayejifunza kutambaa. Zimetoka majini, zimekwenda kwenye nyasi, zimepotea.

Nilikaa chini pale pale. Wewe ulikuwa umeshapita umri wa kutambaa, na nyumba nzima haikuwa na mtoto mwingine. Nikafikiria ni nani ulimwenguni ana sababu ya kunitumia mtoto wa kichawi. Jibu likaja lenyewe, mbio mbio, kana kwamba lilikuwa limekaa mlangoni likisubiri kuitwa. Nimwaka hakuwa na mtoto. Ameolewa mwaka wa kwanza hana, wa pili hana, na mimi nina wewe. Nikasema, basi, mwanamke asiye na mtoto amenitengenezea mtoto, anakuja kula jasho langu.

Usinicheke, Mejumaa. Au cheka, lakini ujue kwamba wakati ule niliamini kama ninavyoamini kwamba mchana huu ni mchana. Wivu ukishakuingia, kila alama kwenye tope ina jina la mtu yule yule.

Nilikwenda kwa mganga kule bara, sikumwambia mtu. Imamu angelisikia angenitolea hotuba ya Ijumaa nzima. Mganga akanitengenezea kago, chupa ndogo iliyofungwa kitambaa chekundu, ya kufukia ili mwenye nia mbaya asivuke. Akaniuliza, "Adui yako yuko upande gani?" Nikamjibu bila kumeza mate: "Majoreni."

Basi nikaifukia upande wa kusini, upande wa Majoreni. Halafu, kwa kuwa chupa moja niliiona haitoshi kwa mwanamke kama Nimwaka, nikaongeza miiba. Nikakata matawi ya mkunazi na ya mgunga, nikayapanga upande ule ule. Nikanunua senyenge kwa pesa ya nguo zako za Idi, nikaizungusha upande ule ule. Ulivaa gauni la mwaka uliopita, ukaniuliza kwa nini, nikakuambia fundi ameugua. Ukitazama bwawa siku zile, upande wa kusini ulikuwa ngome. Upande wa kaskazini, kijito kinapopita, hapakuwa na hata ufito mmoja. Na kutoka kijitoni mpaka ukingoni palikuwa na njia nyembamba iliyokanyagwa, nyasi zimelala, na mimi nilikuwa nikiivuka kila siku kwenda kutazama kama chupa yangu bado iko.

Samaki waliisha karibu wote.

Ulikuwa wewe uliyenitoa gizani, bila kujua. Ilikuwa baada ya sala ya alfajiri, kumepambazuka, nawe ulikuwa umeamka kwa mafua. Ukanivuta leso ukanionyesha. Mnyama mrefu, amelowa, anang'aa, amekaa kitako kwenye ukingo wa kaskazini. Ameshika tilapia wangu kwa mikono miwili na anamla kuanzia kichwani, taratibu, kama mtu anayekula hindi la kuchoma. Ukasema kwa sauti, "Mama, anakula kama babu!" Akatutazama. Hakutuogopa hata kidogo. Alimaliza, akajifuta, akashuka zake kijitoni kwa njia yake.

Fisi maji. Mikono yake haina kucha, ndiyo maana. Siku ile ile nikaona na kinyesi chake njiani, kimejaa vipande vya magamba ya kaa, kimekauka, kimekuwepo siku zote. Nilikuwa nikikikanyaga.

Nikaing'oa senyenge upande wa Majoreni nikaihamishia upande wa kijito. Ukanisaidia kushika waya. Tukaizamisha ardhini urefu wa mkono, tukaikunja kwa nje, kwa sababu fisi maji anachimba, na akichimba akikuta waya umelala anakata tamaa. Miiba tukaiweka juu. Tangu hapo akaja mara chache, akakwaruza, akaenda. Mpaka leo yuko huko kijitoni, anakula kaa wake, na mimi simchukii. Hajawahi kujifanya rafiki yangu.

Ungefikiri kwamba baada ya hapo nilikwenda kwa Nimwaka nikamwambia, mwenzangu, nilikudhania vibaya. Sikwenda. Niliona haya kwa siku chache, halafu haya ikapita na wivu ukabaki, kama mgeni ambaye wenzake wameondoka naye bado anaulizia chai. Hakunitumia mtoto, sawa. Lakini alikuwa bado na babako, na friji.

Sasa nije kwenye siku ile ya mwezi uliopita, ambayo wewe unaikumbuka kwa namna yako, nami nataka uijue kwa namna yangu.

Alikuja nyuma ya pikipiki ya babako, ameshika mfuko. Akanipa doti ya leso mpya, akanibusu mkono kama wanavyofanya wadogo kwa wakubwa. Mimi nikasema karibu, nikamwekea mkeka hapa nyuma. Babako akaenda zake barazani, kama anavyofanya kila anapotuona tuko pamoja. Wewe ulikuwa jikoni ukiandaa chai.

Nilikuwa najua ameanzisha bwawa. Na nilijua kwa sababu wewe, mwanangu, ulipotoka Majoreni siku za likizo ulisema kwa furaha, mdomo wazi, kwamba babako amekula tilapia wa Nimwaka wa nazi na kuramba vidole. Ulilisema hivyo tu, ukaendelea na habari nyingine. Mimi nilikuwa nakuna nazi. Nilikuna mpaka kwenye kifuu. Babako! Aliyenusa samaki wangu akasema ananuka udongo! Udongo wa Majoreni una manukato gani?

Basi Nimwaka akakaa mkekani, akanyoosha leso yake magotini, akaikunja tena. Akasema, "Dada, samaki wangu wanaisha."

Nikamwambia, "Pole. Ni kulastara hao."

"Si ndege, dada. Wavu nimeweka. Asubuhi nakuta alama." Akashusha sauti. "Alama za mikono. Mikono midogo, dada. Kama ya mtoto."

Mejumaa, nilijua pale pale. Ningeweza kumwambia kabla hajafunga mdomo. Lakini nilimtazama, nikaona uso wake, nikautambua. Ni uso niliokuwa nao mimi siku ile nilipokaa kwenye tope. Anaogopa. Na akaendelea, kwa taabu, maneno yakimtoka moja moja: "Watu wa kule wanasema maneno. Wanasema nimetumiwa. Mimi sikubali, wallahi sikubali. Lakini nimesema nije mwenyewe. Kama kuna mahali nimekukosea, dada, kwa kujua au kwa kutojua, nakuomba unisamehe."

Alikuwa akinidhania mimi. Mke mkubwa wa Msambweni, mwenye mtoto, amemtumia mtoto mwenzake asiyekuwa na mtoto. Yale yale, neno kwa neno, yamegeuzwa tu upande.

Na unajua nilijisikiaje? Nilifurahi. Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe kwamba nilifurahi. Baada ya miaka yote hii, mwanamke huyu ananiogopa. Anaomba radhi kwangu, amekaa chini kwangu, na neno moja langu linaweza kumtoa hofu au kumwacha nayo. Nikalishika lile neno mdomoni kama peremende. Nikasema, "Dunia ina mambo, Nimwaka." Nikatazama pembeni, kwa heshima yangu yote.

Ndipo ukatokea wewe na sinia la chai. Ukasema, na kicheko juu, "Mama mdogo, huyo ni fisi maji! Si mtoto. Ana mikono hivi," ukamwonyesha vidole vyako vimetandazwa, "halafu anakaa kitako anakula kama babu. Tulikuwa naye hapa! Mama, si tulikuwa naye?"

Nikasema, "Ee, tulikuwa naye."

Nimwaka hakunitazama mimi. Ingekuwa afadhali anitazame. Alikutazama wewe, machozi yakamtoka, akakuvuta mkono na kuufunua, akakitazama kiganja chako kwa muda. Akakukumbatia, sinia likiwa bado kwenye mkono wako wa pili, chai ikamwagika kwenye leso yake, hakujali. Na kwenye bega lako akasema, "Naomba mtoto huyu, dada. Anifundishe. Naomba hata kwa muda."

Babako akaitika kutoka barazani kabla yangu. Kumbe alikuwa akisikia kila kitu. "Mtoto ni wa nyote wawili," akasema, na nikatamani angekuwa kiziwi.

Nimelifikiria hili kila siku tangu siku ile. Ningesema mimi lile neno, angenikumbatia mimi. Angekunywa chai yake, angerudi Majoreni jioni na maelezo ya senyenge, na wewe kesho ungekuwa hapa ukiwapa samaki pumba. Nililiminya neno moja kwa raha ya muda mfupi, na bei yake ni wewe. Hakuna mganga aliyenifanyia hivyo.

Sikuambii haya ili unihurumie. Nakuambia kwa sababu una asili yangu. Nilikuona ulipokuwa ukigombana na binti wa jirani juu ya rafiki yenu yule mmoja, nikajiona mimi na jembe. Wivu utakuja kwako pia, kwa mume, kwa kazi, kwa mtoto siku moja inshallah. Mimi sijui dawa yake, na anayekuambia anaijua anakuuzia chupa. Nakuomba tu, siku utakapokuta alama kwenye tope, uzunguke pande zote za bwawa kabla hujataja jina la mtu. Mimi sikuzunguka.

Wiki iliyopita ulipokea simu ukiwa jikoni. Sikuwa nikisikiliza, nilikuwa nikipita tu, polepole. Ukasema, "Sawa, mama. Haya, mama. Nitakuja na wavu, mama." Nikajua si mimi, kwa sababu mimi nilikuwa nyuma yako. Siku zote ulikuwa ukimwita mama mdogo. Sijui lile neno la pili lilidondoka lini. Nilirudi hapa nje nikawatazama samaki mpaka uliponiita chakula, na nikakuambia sina njaa, na ukaamini.

Sasa nisikilize, kwa sababu nasikia adhana ya alasiri na karibu utarudi.

Nilikuwa nimepanga kukuambia usimfundishe yote. Kweli nilipanga. Nilikuwa nimetafuta hata namna ya kulisema likasikika kama busara: mfundishe ya wavu, umwache ajifunzie ya waya, mtu hujua vizuri anachojifunza mwenyewe. Nimelitunga vizuri sana. Lakini nimekaa hapa mchana kutwa nikalipima, na nimeona kwamba kila utakachomficha Nimwaka kitakuweka kwake siku zaidi. Samaki wake wakiendelea kuliwa, ataendelea kukuhitaji, na babako ataendelea kusema mtoto ni wa nyote wawili.

Kwa hiyo mfundishe yote. Usibakize hata moja. Mfundishe kusimamisha ukingo, kukaza wavu, kuziba bomba, kuikunja senyenge kwa nje na kuizamisha. Mwonyeshe kinyesi cha fisi maji kikiwa kibichi na kikiwa kikavu. Mwambie aweke mitungi iliyovunjika chini majini, samaki wapate pa kujificha. Mzungushe bwawa lake lote, pande zote, mara nyingi, mpaka aweze kuzunguka bila wewe. Na mwambie kuwa nilijua siku ile mkekani na nikanyamaza. Hilo mwambie wewe. Mimi nimejaribu mara mbili kwa simu na mara zote mbili nimemuuliza habari za mvua.

Mfundishe upesi, mwanangu. Usije ukamdhania mamako amekuwa mwema. Nakutaka urudi, basi.

Lakini ninakujua. Unashika watu kama unavyoshika samaki wachanga, kwa mikono miwili na maji kidogo. Inaweza kufika siku bwawa lake limetulia, hakuna anayeliwa, yeye anajua kila kitu, hana tena haja ya mwalimu, na wewe utakuta hutaki kuondoka, kwa sababu umempenda. Siku hiyo usimtume babako, wala shangazi yako. Nipigie wewe mwenyewe uniambie kwa sauti yako.

Nitakata simu. Ngoja kidogo, halafu piga tena.

Ni mimi mamako,
yule wa Msambweni.